Nani alikuwa amelala kwenye shetri?

Msimu wa kusi hapa Mtwara, upepo ukizidi, watu wa Msangamkuu wanangoja tu kivukoni mpaka bahari itulie, na kwenye kungoja huko ndo nilipigwa swali ambalo limenikalisha wiki kadhaa. Aliyenipiga ni mzee jirani yangu, nahodha wa zamani, Muislamu wa swala tano, viganja vyake vimejaa makovu ya mshipi yamekatiza huku na huku. Mi ni fundi simu na mwanakwaya, sio padri wala mchungaji, lakini yeye kila jambo la kanisa ananiuliza mimi kana kwamba ndo nimelianzisha.

"Mjomba," akaanza, kikombe cha kahawa mkononi, "nyie Isa wenu si mnasema ni Mungu?"

Ndio babu, ndivyo tunavyoamini.

"Na humo kwenye Injili si imeandikwa alilala chomboni?"

Imeandikwa, Marko sura ya 4. Dhoruba inapiga, chombo kinajaa maji, yeye kalala.

"Haya, Mungu analala?" Akanisomea Ayatul Kursi, ile aya ya Kurani, taratibu mpaka mwisho, alafu akanifafanulia, Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala. Kibaya zaidi kwangu ni kwamba Zaburi ya 121, ambayo kwaya yetu tunaiimba, inasema yale yale: "hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli." Yaani vitabu vyote viwili vinakubaliana kwamba Mungu halali, na pale chomboni kuna mtu anakoroma. Ni nani huyo?

Nikajibu kama tunavyojibu wengi tukibanwa: "Babu, hilo ni fumbo."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. "Fumbo hufumbuliwa mjomba, hiyo ya kwako ni mbio."

Basi hapa najaribu kufumbua. Sio kwa ajili ya kushindana naye, maana hatujawahi kushindana, ila nimegundua hata sisi wenyewe tunaosali kila Jumapili tukiulizwa swali hili kila mtu anatoa jibu lake, na majibu mengi tunayotoa kanisa lilishayakataa miaka 1500 na zaidi iliyopita bila sisi kuwa na habari.

Kwanza chombo chenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili inasema Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto." Niliwauliza vijana wa kwaya shetri ni nini, mmoja akasema ni aina ya shuka, na mdogo wangu mpaka anamaliza darasa la saba aliamini kabisa Yesu alilala juu ya mto wenye maji, kama Ruvuma, akaona huo ndo muujiza wenyewe. Mzee hakuhitaji kuelezwa. Shetri ni kule nyuma ya chombo, na mto ni huu wa kuwekea kichwa. Nikamwambia kwamba mwaka 1986 maji ya ziwa la Galilaya yalipungua kwa ukame wakakuta mashua ya zama zile zile imezama kwenye tope, urefu mita 8 na kidogo, upana kama mita 2 na robo hivi. Akapima kwa macho pale ufukweni, akatikisa kichwa. "Kadogo hako. Bahari ikichafuka nyuma huku unalowa mpaka mifupa. Mtu akilala hapo kachoka, kachoka haswa, huyo hata umwite haamki."

Hiyo kauli ya nahodha ni nusu ya teolojia yote ninayotaka kuandika. Aliyekuwa kwenye shetri alichoka haswa. Nusu nyingine ni kwamba alipoamshwa aliukemea upepo, akaiambia bahari "Nyamaza, utulie" na upepo ukakoma, na wale wavuvi waliomjua wakaanza kuogopa kuliko walivyoogopa dhoruba, wakaulizana: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Swali lao ndo swali la mzee, wala halijaanza leo.

Sasa kabla sijaenda mbali, kuna maneno mawili ya Kiswahili yanatuvuruga sana hapa. Kanisa linasema Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu. Ukimwambia mtu wa Mtwara "asili", anafikiria mtu katokea wapi. Asili yangu Newala, asili ya mama Mmakua wa Masasi. Kwahiyo akisikia Yesu ana asili mbili kichwa kinakimbilia kwenye uchotara moja kwa moja, baba huku mama kule, fifti fifti. Hapana. Asili kwenye hili fundisho ni jibu la swali "ni nini?" Na nafsi ni jibu la swali "ni nani?" Ukiniuliza mi ni nini nitasema mwanadamu, na hapo nafanana na wewe na watu wote duniani. Ukiniuliza mi ni nani, hapo sifanani na mtu. Kwa kawaida kila "nani" ana "nini" moja tu. Wakristo wanasema kwa Yesu "nani" ni mmoja, Mwana wa Mungu, ila ukiuliza "ni nini?" majibu yanakuwa mawili na yote kamili: ni Mungu, na ni mwanadamu. Utatu ni hesabu tofauti, kule ni nafsi tatu na umungu mmoja, watu wengi wanachanganya hizo hesabu mbili alafu wanajikuta hawatoki.

Turudi kwenye shetri. Ukilishika swali "nani alilala?" unaweza kupita nalo kwenye karne tano za ugomvi wa kanisa na kila kundi ukalitambua kwa jibu lake.

Wa mwanzo kabisa walisema hakulala, alionekana tu kama kalala. Mwili wake ulikuwa kivuli, Mungu hawezi kuguswa na jasho na njaa. Hawa walikuwepo tangu enzi za mitume, na Waraka wa kwanza wa Yohana unawashambulia wazi wazi, anayekataa kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili hatokani na Mungu. Ukimuuliza nahodha atakwambia hili ndo jibu baya kuliko yote, maana lina maana Yesu alijifanya amelala huku wenzake wanazama.

Alafu akaja Arius, padri wa Aleksandria kule Misri, mwanzoni mwa miaka ya 300. Yeye alisema aliyelala ni kweli si Mungu hasa, ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote, wa kwanza kuumbwa, ila kiumbe. Jibu lake linaeleweka haraka na nadhani ndo maana lilienea sana, hata leo ukiwabana Wakristo wengi wa vijiweni wanaishia huko huko, "Yesu ni Mungu ila mdogo kidogo." Maaskofu walikutana Nikea mwaka 325, mahali ambapo leo ni Uturuki, mfalme Konstantino akiwa ndo mwenyeji, wakamkatalia. Yale maneno tunayoyatiririsha kila Jumapili kwenye Kanuni ya Imani huku tukiangalia saa, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", yamewekwa pale makusudi kumjibu Arius. Mwaka 2025 yametimiza miaka 1700.

Baada ya Nikea pendulo likaenda upande wa pili. Apollinaris, askofu wa Laodikia, mtu aliyempinga Arius kwa nguvu zote, akasema sawa, ni Mungu kweli, basi mwili ni wa mtu lakini pale kwenye akili ya kibinadamu ameingia Neno wa Mungu, yaani Mwana mwenyewe. Kwahiyo kwenye shetri ulilala mwili tu, ndani yake hamna mtu, ni kama jahazi lenye nahodha mgeni. Kwenye hili Gregory wa Nazianzo aliandika sentensi moja kwenye barua ambayo mi naona ndo ufunguo wa makala nzima: kile ambacho hakikutwaliwa hakikuponywa. Maana yake, kama Mwana hakuchukua akili yetu basi akili yetu imeachwa nje ya wokovu, na kwa kweli ukiangalia dhambi zetu zinapoanzia ni huko huko kwenye akili na nia kuliko kwenye miguu. Maaskofu walipokutana tena Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 381 wakalifunga hilo.

Nestorius sasa, huyu namuonea huruma kidogo. Alikuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, akakerwa na watu kumuita Maria Mama wa Mungu. Akasema semeni Mama wa Kristo, Mungu hana mama. Ukimsikiliza haraka haraka anaongea kama mzee wangu. Shida ni kule linakoelekea, kwamba kwenye chombo kulikuwa kama na wawili, mtu aliyelala na Mungu aliyekemea upepo, wameungana vizuri lakini wawili. Cyril, askofu wa Aleksandria, akamvaa, na Cyril naye hakuwa mtu mpole hata kidogo, siasa za miji miwili mikubwa ziliingia humo. Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 431 ukaamua jina Mama wa Mungu ni sahihi. Wakatoliki wenzangu mkisali Salamu Maria mnafika pale "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu", mjue hapo hamumpandishi Maria, hapo mnasema habari za Mwanae: yule aliyezaliwa ni nani. Hakuna aliyewahi kumzaa "ubinadamu". Mama anazaa mtu, anazaa "nani". Na huyo nani ni Mwana wa Mungu, basi.

Eutyches, mkuu wa watawa pale pale Konstantinopoli, alimkimbia Nestorius mpaka akapitiliza. Akasema kabla ya muungano asili mbili, baada ya muungano asili moja. Zama hizo kulikuwa na mfano wa tone la asali kudondoka baharini, mi nitasema chai ya maziwa: ukishachanganya huwezi tena kuonyesha chai iko wapi na maziwa yako wapi, na kusema ukweli kilichomo kikombeni sio chai sio maziwa. Kama ubinadamu umemezwa hivyo basi usingizi wa kwenye shetri haukuwa usingizi wetu sisi, wa mtu aliyeshinda juani.

Ndo tukafika Kalkedoni, mwaka 451, sehemu ambayo leo ni mtaa ndani ya Istanbul. Papa Leo wa Kwanza hakwenda ila barua yake ndefu aliyoiandika 449 ilisomwa, na niliposoma ndani yake nilishtuka, maana humo Leo anazungumzia kitu kile kile cha mzee wangu. Anasema kuona njaa, kuona kiu, kuchoka na kulala, bila shaka ni mambo ya kibinadamu, lakini kushibisha watu elfu tano kwa mikate mitano, kutembea juu ya bahari na kuyatuliza mawimbi kwa kuikemea dhoruba, hayo bila shaka ni ya Kimungu. Na ni mmoja huyo huyo.

Maaskofu wakaandika kwamba Kristo ni mmoja, anajulikana katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganika. Angalia hayo maneno manne vizuri. Yote ni "bila". Hakuna hata moja linalokwambia muungano ulifanyikaje. Ni kama maboya ya bandarini, yanakuonyesha huku mwamba na huku fungu, ukipita kati utafika, lakini boya halikuelezi bahari. Mi hapo nilipumua. Nilidhani kanisa linadai kuielewa siri nzima, kumbe limeweka maboya tu, mawili ya kumzuia Eutyches na mawili ya kumzuia Nestorius.

Kwahiyo jibu la swali la mzee, kwa lugha ya Kalkedoni: aliyelala ni Mwana wa Mungu mwenyewe, hakuna mwingine chomboni. Alilala kwa ubinadamu wake. Umungu haukulala, Zaburi iko sahihi. Usingizi si sifa ya asili ya Kimungu na haijawahi kuwa. Ila yule mwenye asili hiyo amechukua na ya kwetu, na kwa hii ya kwetu anachoka, analia kaburini kwa Lazaro, anaona kiu msalabani. Ukisema "Mungu alilala" unasema kweli ukimaanisha nafsi, unakosea ukimaanisha umungu. Ndo maana nilisema shida ni nani na nini.

Nilipomfikishia hilo mzee alikaa kimya, alafu akasema kitu ambacho hakikunifurahisha: "Sawa, mmejipangia maneno. Lakini mjomba, faida yake nini? Kwa nini msiseme tu ni nabii mkubwa mkalala zenu?"

Hapa ndo penyewe. Watu wanadhani hii ni hesabu ya wasomi waliokosa kazi, wakati maaskofu wale walikuwa wanagombania kitu kimoja: upatanisho. Swali la nani alilala linakuwa swali la nani anaweza kunipatanisha na Mungu.

Kwetu kulitokea ugomvi wa shamba la mikorosho, kati ya ukoo wa mama na ukoo wa jirani, mpaka unaopita kwenye mikorosho mitatu mikubwa, msimu wa kuokota ukifika ni matusi na siku moja ilikuwa mapanga kabisa. Walijaribu wazee wa upande wetu, wale wakasema hao wenu. Akaletwa mtu wa nje kabisa, mtumishi wa mbali, akaongea vizuri sana, wote wakamsikiliza kwa adabu alafu hakuna aliyemfuata, maana hakuwa wa mtu. Aliyekuja kuumaliza ni binamu yangu ambaye mama yake wa kwetu na baba yake wa kwao. Alikaa katikati ya jamvi, akanyoosha mkono huku akamshika mjomba wangu bega, akanyoosha kule akamshika mzee wa wale. Hakuna aliyeweza kumtoa mkono wake, kote alikuwa mtoto.

Kwenye kitabu cha Ayubu, sura ya 9, Ayubu amebanwa na mateso, anataka kesi yake na Mungu isikilizwe, na anachokililia ni hicho hicho: "Hapana mwenye kuamua katikati yetu, awezaye kutuwekea mkono sote wawili." Ukiusoma huo mstari baada ya kuona bega la mjomba unaelewa kwa nini walimkatalia Arius. Kiumbe, hata awe mkubwa vipi, mkono wake unatufikia sisi, kule haufiki. Na unaelewa kwa nini waliwakatalia akina Eutyches, mkono unafika kule, kwetu umeyeyuka njiani.

Ila mfano wa binamu una mahali unapovunjika na nikiuacha hivi hivi nitakuwa nimekudanganya. Binamu yangu ni nusu huku nusu kule. Kristo sio nusu. Angekuwa nusu Mungu nusu mtu asingekuwa wa kwetu wala wa kule, angekuwa kitu cha tatu, na hicho kitu cha tatu nacho kingehitaji mtu wa kukipatanisha na sisi. Alafu jambo la pili, kubwa zaidi: kwenye shamba pande zote mbili zilikuwa na makosa. Kwenye hii kesi mwenye kosa ni mmoja, na ajabu yake ni kwamba aliyekosewa ndo kavaa viatu akatoka kwenda kutafuta suluhu.

Hapo kuna mahubiri nimeyasikia tangu utoto na nadhani yamewaharibu wengi. Baba yuko juu kakasirika, anataka kuua, Mwana ana huruma anaingia kati anapigwa yeye. Watoto wa Sunday school wanatoka pale wanampenda Yesu na wanamuogopa Baba. Lakini Paulo kwenye Wakorintho wa pili, 5:19, anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake." Hasemi Kristo alikuwa anampooza Mungu. Kama aliye msalabani ni Mungu kweli basi hakuna Mungu mwingine mkali zaidi nyuma yake. Neno lenyewe kwa Kiswahili, patana, tunalitumia pia sokoni kwenye bei, muuzaji anashuka mnunuzi anapanda, na wengi wanaufikiria wokovu hivyo, Yesu kambembeleza Mungu kashusha bei. Hakuna bei iliyoshushwa. Mwenye mali kalipa mwenyewe.

Kalipa kwa nani? Uh, hapo waalimu wa kanisa wamegawanyika na mi naona ni haki yao, kwa sababu mitaguso ile ilifunga suala la Kristo ni nani, haikufunga suala la msalaba ulifanyaje kazi. Yesu mwenyewe alisema amekuja kutoa nafsi yake "iwe fidia ya wengi". Baadhi ya wazee wa zamani, Origen mmojawapo, walidhani fidia alilipwa shetani, na Gregory yule yule wa Nazianzo akaona hilo ni matusi, mnyang'anyi alipwe na Mungu? Anselm, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, akaandika mwaka 1098 hivi kwamba ni deni la heshima ya Mungu: anayepaswa kulipa ni mwanadamu, anayeweza kulipa ni Mungu peke yake, kwahiyo alihitajika aliye vyote viwili. Ni hoja safi, inakaa kama samani ya fundi mzuri, japo mi huwa naona baridi kidogo. Wengine wanausoma msalaba kama vita, Kristo anaingia mautini na kuivunja kwa ndani. Ila chukua njia yoyote kati ya hizo, toa asili moja, uone kama inasimama. Haisimami.

Na huku kwetu neno fidia, neno kukomboa, halikuanzia kwenye katekisimu. Mikindani, hapo karibu tu, watu walipitishwa kwenda kuuzwa. Masasi ya Waanglikana ilianza mwaka 1876, askofu Edward Steere alipotembea kutoka Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, waliotokea Unguja, wakakaa pale. Wale walipoambiwa "mmekombolewa" hawakuhitaji mfano. Na waliposikia Wafilipi sura ya 2, kwamba aliyekuwa na namna ya Mungu "akatwaa namna ya mtumwa", sijui kama kuna msomi wa Kalkedoni aliyewahi kuisikia hiyo sentensi kama ilivyosikika Masasi. Aliyenunua watumwa kuwaacha huru alikuwa bwana upande mwingine wa kaunta. Kristo kaingia mwenyewe kwenye mnyororo.

Kuna mambo mawili ya kumalizia maana najua nitaulizwa. Je, alikuwa na nia ngapi? Ndio, waligombana na hapo. Mfalme alitaka kuwapatanisha watu kwa kusema nia moja tu, mtawa mmoja anaitwa Maximus akakataa, akasema Gethsemane mtu anasali "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe", hiyo ni nia ya kibinadamu kweli ikisema ndiyo kwa tabu. Walimkata ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ukampa ushindi akiwa kaburini. Hili nalipenda kwa sababu linarudi kwa Gregory: nia yetu ndo inayokataa, basi nia yetu ndo ilibidi itwaliwe.

La pili, sio wote walikubali Kalkedoni. Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria walikataa, wakaitwa miaka yote wafuasi wa Eutyches, na hiyo ni kuwasingizia, Eutyches wao wenyewe wanamlaani. Waethiopia wanajiita Tewahedo, yaani waliofanywa umoja, wanaogopa neno "mbili" lisije likamgawa Kristo. Mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia saini tamko la pamoja kwamba wanamkiri Kristo yule yule, Mungu kamili na mtu kamili. Miaka 1500 ya kununiana, na sehemu kubwa ilikuwa kamusi.

Juzi nilimpelekea mzee haya yote, kwa kifupi, upepo umetulia na watu wanashuka kwenye pantoni na matenga ya samaki. Alisikiliza. Akasema hapo kwenye Mungu kuzaliwa mimi na wewe hatukutani mjomba, na usijisumbue. Nikamwambia sijisumbui. Lakini akauliza swali lingine, la pembeni: alipopaa huko mbinguni, ule mwili aliuvua?

Nikamwambia hapana. Paulo akimwandikia Timotheo, miaka mingi baada ya kupaa, anasema mpatanishi ni mmoja, "Mwanadamu Kristo Yesu". Ubinadamu hakuuvua kama nguo ya kazi. Na Tomaso alipotaka ushahidi alionyeshwa mikono.

"Na makovu?"

"Na makovu babu."

Akakigeuza kiganja chake juu, akakitazama, akaniambia nimuagizie kahawa nyingine, ile ya kwanza imepoa.